Nyumba Isiyopitisha Upepo

Nyumba ya mama niliichora mwenyewe, juu ya meza ya plastiki, kwenye chumba nilichopanga Gaborone, jioni tatu mfululizo baada ya kazi. Sikumlipa mchoraji, wala sikuiga ramani ya mtu. Vyumba vitatu, sebule inayotazama mlima, choo ndani, na madirisha mapana ya aluminiamu ambayo pale kijijini, juu ya Uyole, yalikuwa hayajaonekana.

Niliondoka Mbeya kupitia Tunduma nikiwa na begi moja na viatu vya kuazima. Huko Gaborone nilianza kwa kubeba zege kwa ndoo. Baadaye nikawa nachanganya zege mchana na kusoma jioni, na diploma yangu ya ujenzi hakuna aliyenishika mkono kuipata. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba aliyejenga ile nyumba hakuwa mtu asiyejua. Nilikuwa najua. Hilo ndilo linaloniuma.

Mama alikuwa mjane na alikuwa na kifua. Nyumba yake ya zamani, aliyoijenga baba kwa tofali za udongo, ilikuwa na uwazi kati ya ukuta na bati, uwazi wa kupitisha mkono. Upepo wa Julai uliingia humo na kutoka upendavyo. Kipupwe kilichotangulia alilazwa wiki mbili, na daktari akamwambia dada yangu kwamba baridi nyingine kama ile mama haivuki. Dada alinipigia simu siku hiyohiyo. Yeye ameolewa Ipogolo, Iringa, kule chini barabarani ambako kuna joto kidogo, na alitaka kumchukua. Mama akakataa. Alikuwa na ng'ombe wawili, shamba la viazi, na kiti chake kanisani.

"Usihangaike," nilimwambia dada. "Mimi narudi. Julai itamkuta kwenye nyumba ya kisasa."

"Kaka, hajakuomba jumba," alisema. "Kaomba asiugue."

"Ndiyo hilohilo."

Nilirudi Januari. Msingi tulichimba mvua za Aprili zilipopungua, Mei kuta zikafika kwenye lenta, na katikati ya Juni nyumba ilikuwa imeezekwa. Kwa kasi hiyo watu walisimama barabarani kutazama, nami nilihakikisha ninaonekana nikiwa na pimamaji mkononi. Asubuhi tulikuta sakitu imeyaunguza majani ya viazi, na maji ya pipa yana ganda la barafu juu. Tulichemsha maji kwenye debe ndipo tuchanganye saruji. Wengine wote waliokuwa wakijenga mteremko ule walikuwa wameweka miiko chini. Kwetu kipupwe ni majira ya kuchoma tofali na kusomba mawe, siyo ya kupiga plasta.

Fundi wangu mkuu alikuwa mzee aliyejenga karibu nusu ya nyumba za mteremko ule bila kukaa darasani hata siku moja. Aliniita injinia, na sikujua kila mara kama ananiheshimu au ananichokoza.

"Injinia, plasta ya Juni haikauki," alisema. "Inalala tu ukutani kama mgonjwa. Tusubiri Septemba."

"Septemba mama atakuwa amezikwa. Wewe umesomea wapi mambo ya plasta?"

"Kwenye kuta zilizoanguka."

Mafundi wakacheka. Nami nilicheka, lakini nikaamuru plasta iendelee.

Nyumba zetu zote huachwa safu ya matundu juu ya madirisha, karibu na dari. Fundi aliyaacha kama kawaida. Jumapili moja, wakati mafundi wako kanisani, nilipanda ngazi nikayaziba yote kwa mkono wangu. Gaborone nilijenga nyumba za wenye fedha zisizopitisha upepo, na nilitaka mama apate moja. Jumatatu fundi alisimama katikati ya sebule akitazama juu.

"Nani kaziba?"

"Mimi."

"Sasa nyumba itapumulia wapi?"

"Nyumba haina mapafu, mzee wangu. Mwenye mapafu ni mama."

Mafundi walicheka tena, safari hii wakawa upande wangu. Nilikipenda kicheko kile. Fundi aliokota mwiko wake akaenda kufanya kazi chumba kingine.

Jiko la mama la kuni, kibanda cha nje, nilikuwa nimelibomoa tangu Aprili kwa sababu baraza ya mbele ilipita pale pale. Kila jioni alikuwa akikaa humo kuota moto na jirani zake wawili. Siku tulipobomoa alisimama kando amejitanda khanga mbili.

"Moto nitaotea wapi, baba?" aliniuliza. Alizoea kuniita baba, kwa kuwa nina jina la baba yake.

"Hutahitaji moto, mama. Nyumba yenyewe itakuwa blanketi."

Mama hakuwa mtu wa kubisha na mwanawe aliyesoma.

Kweli plasta haikukauka. Ukutani maji yalitiririka kama jasho. Nikashuka sokoni Mwanjelwa kununua majiko saba ya mkaa, nikaweka jiko kila chumba, nikafunga madirisha ili joto lisipotee. Mpaka rangi, fundi mmoja mwenyeji wa Iringa, alitoka siku moja ameshika kichwa, akatapika nyuma ya ukuta.

"Ulanzi wa kwenu huo," nilimtania, nikiitaja pombe yao ya mianzi.

"Ulanzi nitautoa wapi Mbeya hii, bosi?" alisema huku akijifuta mdomo. Watu wakaangua kicheko.

Fundi mkuu hakucheka. "Fungua hayo madirisha," alisema. Niliyafungua kwa saa moja, kisha nikayafunga.

Mama alihamia Jumamosi moja ya Julai. Ile nyumba ya zamani tulikwishaivua bati, kwa hiyo hapakuwa na kurudi nyuma. Dada alikuja kutoka Ipogolo asubuhi akaondoka mchana kwa ajili ya watoto. Akina mama wa kanisa waliimba, wakaomba, wakavua viatu kabla ya kukanyaga vigae. Jirani mmoja, bibi kizee, alipitisha kiganja pembeni mwa kila dirisha akitafuta upepo, asiupate.

"Ndaga, mwanangu, asante," alisema. "Humu hata mbu itabidi abishe hodi."

Nimewahi kusifiwa na wazungu na Waswana kwa kazi yangu. Hakuna sifa iliyoniingia kama ile.

Siku mbili za kwanza mama alikohoa kidogo kuliko kawaida. Lakini vigae vilikuwa vya baridi na kuta bado zilikuwa mbichi. Alisema nyumba ina baridi ya chini kwa chini, baridi isiyo na upepo, ambayo hajawahi kukutana nayo. Siku ya tatu jioni niliwasha jiko la mkaa nje mimi mwenyewe. Nilisubiri mpaka moshi ukaisha na mkaa ukawa mwekundu mtupu, kama tunavyofanya sote huku. Ndipo nikaliingiza chumbani kwake, nikaliweka hatua mbili kutoka kitandani. Kwenye ile nyumba ya udongo alifanya hivyo kila kipupwe, tangu sijazaliwa, na hakuna lililompata.

Alinyoosha mikono juu ya mkaa. "Ahaa," alisema. "Sasa ni nyumba."

Nikafunga mlango ili joto lisitoke.

Asubuhi niligonga nikiwa na chai. Sitaeleza nilivyomkuta, isipokuwa kwamba alikuwa amelala vizuri, na uso wake ulikuwa na rangi nzuri, nyekundu kidogo, kama mtu aliyetoka kuota moto. Mkaa ulikuwa umebaki majivu. Daktari alinieleza taratibu, akidhani ananifundisha: mkaa ulioiva hautoi moshi, lakini unatoa sumu isiyo na harufu, nayo hukijaza chumba kisichopitisha hewa mpaka juu. Nilimwacha amalize. Swali hilo hilo, la hewa ndani ya jengo, niliwahi kulijibu kwenye mtihani wa diploma, nikapata alama nzuri.

Kwetu marehemu hulala nyumbani kwake kabla ya kuzikwa. Mwili ulipoletwa siku ya tatu, watu walikuwa wamejaa uani, upepo unawapiga, na dada amesimama mlangoni mwa nyumba yangu, mikono ameitanua kushika fremu pande zote mbili.

"Mama haingii humo."

Baba mdogo alimsogelea. "Mwanangu, tumpeleke wapi? Ile nyingine haina bati."

"Alale nje. Alale chini ya mti. Humo haingii mara ya pili."

Hakuna aliyenitazama, na hilo lilikuwa baya kuliko kutazamwa. Jeneza lilikuwa mabegani mwa vijana sita, na nilisikia mmoja akinong'ona kwamba bega linakufa. Ndipo fundi akapita katikati ya watu. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na mkononi alikuwa na nyundo na tindo. Hakumwendea dada. Alinijia mimi.

"Injinia, nifungue?"

Ile ilikuwa plasta bora kuliko zote nilizowahi kusimamia. Mpaka leo nasema hivyo, na fundi yeyote wa Mbeya aje aweke pimamaji. Nilitazama jeneza.

"Fungua."

Dada alitupisha. Nilimshikia fundi ngazi naye akavunja matundu niliyoyaziba, chumba kwa chumba, vumbi na vipande vikinimwagikia kichwani na kupasuka juu ya vigae. Alipofika chumba cha mama, pazia jipya lilitikisika, likajaa upepo, likainuka. Dada aliingia, akanyoosha kiganja juu, akakaa hivyo kwa muda. Kisha akawaashiria vijana walete.

Alikaa kichwani mwa jeneza. Mimi nilipotaka kuketi, aliniambia nitoke nikakae na wanaume. Nikatoka.

Baada ya matanga nilimsindikiza dada stendi. Alibeba mablanketi ya mama na kitabu chake cha nyimbo, vitu vingine akaniachia. Tulikaa juu ya benchi, nami nikasema lile ninalolijua.

"Nitaweka wavu kwenye matundu."

"Weka. Panya wataingia."

"Tukifanya ibada ya mwaka, utakuja?"

"Kaburini nitakuja." Alisimama, kwa sababu basi la Iringa lilikuwa linaita abiria. "Kulala nitalala kwa jirani."

Nikampandishia mzigo wake juu, nikashuka.