Ngozi ya Ndama

Juzi, pembeni mwa soko la mifugo la Garissa, niliona ng'ombe akilamba ngozi ya ndama iliyojazwa nyasi, nikakumbuka alasiri moja kwetu Iftin.

Mimba ya mama ilikuwa imetoka. Alirudi kutoka hospitali bila tumbo na bila mtoto, akawa analala tu mkekani, amegeukia ukuta. Uani, ng'ombe wetu aliyefiwa na ndama alilia mpaka sauti ikamkauka. Bibi akaijaza nyasi ngozi ya yule ndama, akaipaka chumvi, ili ng'ombe ailambe, adanganyike, maziwa yashuke. Ilinuka damu kuukuu.

Mama akajikokota hadi pale, akaiondoa.

"Hooyo, mwache. Msimdanganye, amechoka," akamwambia Bibi. Hooyo kwetu Wasomali ni mama.

"Na chai ya watoto?" Bibi akauliza.

"Watakunywa strungi, bila maziwa."

Nilinuna kwa ajili ya chai. Mama akaegemea ubavu wa ng'ombe, akafumba macho. Nikaona dera lake limelowa kifuani.

"Hooyo, umemwagikiwa na maji."

"Eeh," akasema. "Ni maji tu."

Nilimwamini. Sikujua kwamba maziwa huja hata mtoto asipokuja.