Kulanti Nyekundu ya Jirani

Nilichagua kulanti, yale maji ya kupoza injini, kama mtu anavyochagua soda: kwa rangi. Tena si rangi niliyoipenda mimi, ni ile niliyoichungulia kwa jirani. Nakiri mapema, usije ukalilaumu gari.

Jirani yangu ni mama wa Kikongo, anakaa flati ya juu yetu hapa Liverpool, si ile ya mpira. Gari lake na langu ni mapacha: aina moja, umri mmoja, hata rangi imepauka sehemu zilezile. Ila lake halijawahi kuchemsha. Langu lilikuwa likifika nusu ya njia ya Westmead, mshale wa joto unaanza kupanda, nami naanza kuongea kwa sauti ili mke wangu asiutazame.

Mke wangu anahudumia wagonjwa hospitali ya Westmead, na kumpeleka kazini ndiyo safari yangu. Sina nyingine. Mimi ni mtu wa sofa. Ghala ninalofanyia kazi nafika kwa miguu, na kanisani nakaa karibu na mlango ili niwahi kurudi. Lakini ile saa ya asubuhi ndani ya gari ilikuwa yangu. Nyumbani mke wangu anakula na kusinzia. Garini ndipo anaponisimulia: mzee aliyekataa kuoga mpaka aimbiwe, nesi anayeficha biskuti ndani ya boksi la glavu. Mara mbili nimepitiliza kona kwa kucheka.

Siku gari lilipotoa mvuke kando ya barabara, aliyepita akamchukua mke wangu alikuwa yule jirani. Anafanya usafi hospitali ileile. Kesho yake akamchukua tena.

"Pumzika kwanza, baba," mke wangu aliniambia, "mpaka ulitengeneze."

Pumzika! Nilisimama dirishani na kikombe cha chai, nikamwona mke wangu garini mwa jirani, anaanza kucheka hata mkanda hajafunga. Wanaume wenzangu huwaonea wivu wanaume wenye misuli. Mimi nilimwonea wivu mama mwenye magoti mabovu, kwa sababu ya kiti cha pembeni yake. Jioni nilimuuliza mke wangu habari za yule mzee wa kuimbiwa. "Aa, si nimeshazisimulia asubuhi," akasema, akavuta shuka.

Jumamosi nikamwona jirani ameinua boneti, anamimina kitu chekundu kwenye rejeta. Nikasema kumbe, siri ndiyo hiyo! Nikaenda dukani mbio, nikanunua nyekundu kuliko zote. Rejeta yangu ilikuwa na kulanti ya kijani ya mwenye gari wa kwanza, na juu yake maji ya bomba ya miaka mitatu, maana kwetu gari likionyesha kiu unalinywesha tu. Nikamimina nyekundu humohumo. Nikafuta na boneti, kwa majivuno.

Siku ya tatu, injini ikiwa baridi, nilifungua mfuniko. Ndani kulikuwa na uji wa ulezi.

Mke wangu alichungulia begani kwangu. "Umepika nini humo?"

Nilipanda ngazi za jirani kama mtu anayekwenda kuposa. Alinisikiliza hadi mwisho, akafunga kitenge vizuri, akashuka nami.

"Shemeji, ulichagula juu ya rangi?"

"Niliona yako ni nyekundu, dada."

"Ile haiko juisi! Rangi ni ya kupendeza macho tu. Soma nyuma ya kopo, kisha soma kitabu ya gari. Zikipatana, unaweka. Zikikataa, unaacha. Mimi nilimwanga yote ya zamani mbele ya kuweka hii."

Kitabu cha gari kilikuwa kwenye droo ileile ninayofungua kila siku kutafuta miwani. Sikuwahi kukigusa. Tulikinga ule uji kwenye beseni, tukalifunika, kwani ni sumu na paka wa mtaa huonja kila kitu. Nikasuuza rejeta mara nne, hita ikiwa imewashwa hadi mwisho, mpaka maji yakatoka meupe. Kisha kulanti iliyotajwa kitabuni, nusu kwa nusu na maji ya betri, si ya bomba. Alinisimamisha pale, mfuniko wazi, injini ikiunguruma, nihesabu mapovu ya hewa mpaka yaishe. Yeye akakalia kiti cha plastiki, akanicheka bila kificho.

Nililijaribu gari siku mbili, kwenda na kurudi, peke yangu. Mshale haukutikisika. Asubuhi ya tatu nililitoa nje mapema, nikalipaki nyuma ya la jirani. Mke wangu akashuka na mkoba, akasimama katikati ya magari mawili, anatazama huku, anatazama kule. Nilijiandaa hata kuomba.

Jirani akashusha kioo, akatoa kichwa.

"Mama, panda kwa bwana yako," akamwambia. "Mastori yako ni mingi, mimi nilikuwa nasinzia mu barabara."