Shati la Gervas

Mwalimu Skolastika alinifukuza msibani mwaka 2010, na sikumsamehe. Nasema mapema, mtu asije akadhani naandika haya kwa mapenzi.

Naitwa Dominiko, nauza mboga sokoni Morogoro mjini. Ukoo wangu na wake ni watani. Kwetu Mgeta, mtu akifa, mtani anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anaongea kama yeye, anadai chai, anagombana na wafiwa mpaka wacheke huku wanalia. Halafu ndugu wa marehemu anamwekea kitu chochote mkononi, hata kiberiti, anamwambia, "Vua." Akivua, marehemu ameondoka kweli.

Gervas, mdogo wake Skolastika, alikufa masika, gari la mboga lilipotumbukia korongoni. Nikavaa shati lake la drafti, nikaanza kukohoa kile kikohozi chake cha kabla ya kusema. Skolastika alikuwa ametoka chuo cha ualimu juzi tu, usomi umemjaa kichwani. Akanikamata kola mbele za watu. "Toka hapa. Mdogo wangu si mchezo wa kuigiza." Nikatoka na shati mwilini. Nyumbani nililivua mwenyewe, nikalitia sandukuni, na tangu siku hiyo hatukusemeshana.

Akawa mwalimu wa Kiswahili. Kila Jumamosi asubuhi anafundisha vijana kuandika hadithi kwenye ukumbi wa parokia, na si kuandika kwa kawaida, maana huyo mtu hajawahi kuwa wa kawaida. Wanaanza hadithi mwishoni, wanarudi nyuma. Wanakata kurasa zao kwa mkasi, wanatia vipande kwenye beseni, wanaokota na kuunga upya. Sokoni tulimcheka sana tuliposikia habari ya beseni.

Miaka kumi na minne baada ya msiba akaja kwenye meza yangu, amekonda.

"Mtani, bado unalo lile shati?"

"Karoti unanunua au hununui?"

Hakuondoka. Akanieleza pale pale, watu wakimpita. Kila hadithi anayoiandika, Gervas anaingia na tenga lake la mboga, anakohoa, anaketi. Umri wake uleule. Anampangia afe, hafi. Anakata kurasa, na vipande vikiungwa yeye ndiye anayetokea wa kwanza.

"Nawafundisha watoto wa watu njia zote hizi, na mimi sijamaliza hadithi hata moja," akasema. "Naogopa kushika kalamu, Dominiko."

Siku zote nilidhani akija kuniangukia nitafurahi. Sikufurahi hata kidogo.

Jumamosi nikaenda ukumbini na lile shati. Vijana kumi na wawili wakaniamkia shikamoo, madaftari wazi. Akawaambia mimi ndiye mwalimu wa leo, waandike atakachosema marehemu. Nikavaa shati. Siku hizi linanibana. Nikakohoa.

"Dada, mbona chai imepoa? Na mwavuli wangu ulioazima uko wapi?"

Vijana wakacheka. Naye akacheka, machozi yanamtoka. "Ninao bado."

"Ndiyo maana nilinyeshewa."

Nikamdai, nikamgombeza, nikamwimbia nyimbo za kanisani kwa kukosea, kama Gervas alivyokuwa akizikosea. Ikafika pale ambapo ndugu anatakiwa kutoa kitu. Nikanyoosha mkono. Akautazama tu.

"Kaa kidogo," akasema. "Si umefika sasa hivi?"

Hakuwa akisema na mimi, alikuwa akisema na Gervas. Kikohozi kikanijia chenyewe, sijakiita, kikarudi tena. Niliogopa, nasema kweli.

"Skola," nikamwambia kwa sauti yangu mwenyewe, "nimechoka kumbeba. Niambie nivue."

Vijana wakaacha kuandika. Skolastika akachukua kipande cha chaki, akaniwekea kiganjani.

"Vua, mdogo wangu."

Nikavua. Akalikunja shati taratibu, mikono kwa ndani, kama yanavyokunjwa mashati ya dukani. Akaomba daftari la binti wa mbele, akaandika mstari mmoja. Kisha akausoma kwa sauti.

"Gervas alikufa akiwa na miaka ishirini na miwili, na mwavuli wake ninao mimi."