Fundi wa nguo anayengoja daktari amuulize

Saa tatu asubuhi, Mourine Nekesa ameketi kwenye kiti cha plastiki katika chumba kidogo mjini Thika, leso kiunoni, macho mekundu. Anamwambia daktari kijana kwamba hapati usingizi, chakula hakipiti, na mtoto wake wa wiki sita akilia anatamani kufunga mlango aende asirudi. Kengele inalia. Mourine anapangusa machozi, anachukua kikombe cha chai alichokuwa amekificha chini ya kiti na kuuliza kama mandazi yamebaki.

Hana mtoto wa wiki sita. Kitinda mimba wake ana miaka kumi na mitatu na anamshinda urefu. Mourine, 44, ni fundi wa nguo katika mtaa wa Gitothua, Ruiru, na mara chache kwa mwaka hufunga kibanda chake akaja huku kuwa mgonjwa. Anaowaigizia ni madaktari wanaosomea ubingwa wa magonjwa ya akili. Hulipwa shilingi elfu mbili kwa siku, na anasema hizo hazitoshi kulipia maumivu ya kichwa anayorudi nayo.

Kazi hii haikuwepo zamani. Mwanafunzi alikuwa akifungiwa chumbani pamoja na mgonjwa mmoja wa kweli kwa muda mrefu, kisha anatoka kwenda kuwaeleza watahini alichogundua. Mazungumzo yenyewe hakuna aliyeyaona.

"Tulikuwa tunaletewa hadithi iliyopangwa vizuri, na hatukujua imepatikanaje," anasema Dkt Wavinya, anayesimamia mafunzo katika kituo hicho. "Mwingine alimkaripia mgonjwa huko ndani, akatoka akapita. Sasa tunakaa papo hapo tukimwangalia."

Siku hizi mwanafunzi huzunguka vyumba kadhaa, kila chumba na shida yake. Mtahini hukaa kwenye kona bila kusema neno. Tena anayeigiza mgonjwa naye hutoa alama zake, moja hadi tano, na hizo huhesabiwa.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mara ya kwanza, waigizaji wote walimpa kila daktari tano. Aliyesikiliza alipata tano, na aliyekuwa akitazama saa yake muda wote akapata tano vilevile.

"Sasa mtoto wa mtu amesoma miaka yote hiyo, mimi fundi wa nguo nimwekee mbili?" anauliza Mourine, na uso wake unaonyesha kwamba swali lile bado linamsumbua. "Aki nilishindwa. Nilikuwa nafikiria mamake."

Nani kati yetu angeweza? Sisi ndio watu wa kuambiwa na daktari tumeze tembe tatu, tukaitikia asante kabla hatujajua ni za nini. Dkt Wavinya aliwakusanya akawaambia wazi kwamba tano za huruma zinapeleka wodini daktari ambaye hajaiva. Tangu siku hiyo Mourine huja na hofu kila akiitwa.

Hofu hiyo ina sababu nyingine. Kwenye kadi yake, mama anayemwigiza anaitwa Rose, na Rose ana wazo la kujitoa uhai. Mourine haruhusiwi kulitaja mpaka daktari aulize waziwazi. Anaweza kusema amechoka. Anaweza kusema watoto wangelelewa vizuri na mtu mwingine. Zaidi ya hapo, anyamaze.

Na madaktari hawaulizi. Mmoja alimuuliza kama ana mawazo mengi. Mwingine alitaka kujua kama huwa anaenda kanisani. Wanalizunguka jambo lenyewe mpaka kengele inawaokoa.

Dkt Byron Kiama, 32, mzaliwa wa Kiganjo hapa Thika, alianguka mtihani huu mwaka jana kwa sababu hiyo hiyo. Mtihani wa mwisho ni wiki ijayo, na leo ni majaribio. Akianguka tena, atarudia mwaka mzima.

"Mimi nimelelewa na mama na cucu," anasema, akimaanisha nyanya yake. "Huwezi kukaa mbele ya mama wa rika la mamako umuulize kama anataka kufa. Ni kama unamtakia. Najua vitabu vinasema niulize. Nikimwona tu, mdomo unakataa."

Mourine anampenda sana kijana huyu, na hilo linamwongezea taabu. Ndiye pekee anayeingia akimsalimia kabla hajafungua karatasi zake.

"Mum, habari yako," anasema Byron anapoingia. Anauliza usingizi. Anauliza chakula, maziwa, mtoto. Anasikiliza kwa utulivu, mtu angesema ameshafuzu.

"Na... kuna mawazo mabaya, mum?"

"Mawazo hayaishi, daktari," anajibu Rose.

Byron anaitikia kwa kichwa polepole. Kisha anaanza kueleza dawa.

Chini ya leso, Mourine ameshika mikono yake kwa nguvu. Sentensi moja tu kutoka kwake ingemwokoa kijana. Haisemi. Kengele inapolia anageukia ukuta, na mwandishi wa makala haya, aliyekuwa amekaa nyuma ya mtahini, anajikuta amekasirika, asijue anamkasirikia nani.

Mourine anajua kungoja huko. Alikuja Ruiru kutoka Bungoma akimfuata mumewe, Erastus, aliyekuwa amepata kazi kiwandani Thika. Baada ya kumzaa huyo wa mwisho, giza lilimwingia. Kila mwezi alipeleka mtoto kliniki.

"Wanampima, wananiambia, mama, hongera, ana uzito mzuri," anakumbuka. "Mimi nilikuwa nimekonda mpaka sketi inazunguka. Nilikuwa naenda nikisema, leo wataniuliza. Wakiniuliza nitasema. Naambiwa nirudi mwezi ujao."

Hakuulizwa. Alipona baada ya dada yake kuja kutoka nyumbani, kumtazama mara moja na kumpeleka hospitali siku hiyo hiyo. Mpaka leo Erastus hajui lilikuwa limefika wapi, atalisoma hapa. Mourine amekubali liandikwe.

Anachukua kalamu. Anaishika kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kuandika tarakimu moja. Anaandika mbili.

Kisha, kama utaratibu mpya unavyotaka, anamweleza daktari alivyojisikia.

"Ulinisikiza vizuri," anasema. "Lakini ulifika mlangoni ukarudi. Mimi nilikuwa nangoja uniulize kama nataka kufa."

"Niliogopa, mum."

"Najua umeogopa. Hata mimi naogopa ukiondoka hujauliza."

Dkt Wavinya, ambaye leo ndiye mtahini, hamwachi Byron atoke. "Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo," anamwambia. "Liko naye tayari. Unampa nafasi ya kulitoa. Hebu muulize sasa."

Byron anavuta kiti mbele.

"Mum, umefikiria... umefikiria kujitoa uhai?"

"Ndiyo, daktari. Jana pia."

Mourine analia, na safari hii kilio hakikomi pamoja na kengele. Ili kumvua mgonjwa waliyemwigiza, waigizaji hutakiwa kutaja majina yao kwa sauti kabla ya kutoka. "Mimi ni Mourine Nekesa, fundi wa nguo, Gitothua," anasema. Anarudia tena, taratibu.

Wiki ijayo atakuwa Rose tena, na huenda mlango ukafunguka aingie Byron. "Moyo utaruka," anakiri. "Lakini sitamsaidia. Asipouliza, ni mbili. Nitaandika nikilia, lakini nitaandika."

Tunafika Gitothua jioni. Erastus anamkuta mkewe akiondoa turubai kwenye cherehani na kumtania. "Profesa amerudi! Leo umeangusha wangapi?" Mourine hacheki. Anasubiri mumewe aende zake, kisha anatuambia ana mpango wa kesho, na si wa mtihani.

Kwenye ploti yao ya nyumba za kupanga kuna msichana anayeitwa Cindy aliyejifungua mwezi uliopita. Siku hizi haanzi salamu, na nguo za mtoto zinashinda kwenye kamba mpaka usiku.

"Nimempelekea uji mara mbili," anasema Mourine. "Nikashika mtoto, nikasifu mashavu, nikarudi nyumbani. Mimi! Natoa madaktari makosa, na yeye sijamuuliza kitu." Anaweka kitambaa chini. "Kesho mtoto nitamwacha alale. Nitamuuliza Cindy mwenyewe, vile nataka niulizwe. Naogopa vile atanijibu. Lakini nitauliza, na sitaondoka."