Ukoo wa Bakteria wa Nyumbani Kwetu

Mimi ndiye wa kwanza katika familia yetu kupata stashahada, na sikusomeshwa na mtu. Nilibeba mifuko ya saruji Dar es Salaam hadi nikajilipia chuo cha maabara. Niliporudi kijijini kwetu Malangali kufanya kazi katika maabara ya kituo cha afya, mama alinitambulisha kwa majirani kuwa daktari, nami sikumsahihisha.

Nilirudi na kikohozi. Ulikuwa wakati wa kupura ulezi, na vumbi la ulezi humkohoza kila anayeshika fimbo.

"Shemeji wa mjini, ulezi umekushinda!" mke wa mdogo wangu alinitania. "Au huko mnapura kwa kalamu?"

"Vumbi lenu hili, na baridi yenu."

Vumbi likaisha, kikohozi kikabaki. Mwaka uliofuata mama naye akakohoa, nikasema ni moshi wa jikoni. Kisha shemeji akatema damu. Mimi mwenyewe nilipima makohozi yake: kifua kikuu.

Jumapili baada ya misa nikawakusanya ndugu. "Hiki amekuja nacho kutoka kwao Mwimbi," nikatangaza. "Kwetu hakikuwapo."

"Nina miaka sita hapa, shemeji. Kilikuwa kimekaa wapi?"

"Huweza kulala mwilini miaka mingi."

Hilo ni kweli, na nililitumia kumnyamazisha. Wiki ile ile alifunga nguo zake akaenda kutibiwa kwao. Mdogo wangu hakumzuia. Angebishanaje na kaka msomi?

Utaratibu wa kazi ulidai watu wote wa nyumba wapimwe. Mama akakutwa nacho. Nami nikakutwa nacho. Tulimeza dawa miezi sita, tukapona. Shemeji naye alipona huko Mwimbi.

Mtafiti mmoja aliyekuwa akikusanya sampuli za mkoa aliomba ridhaa yetu sote watatu, asome vinasaba vya bakteria waliohifadhiwa kutoka kwenye makohozi yetu. Baadaye akanitandikia mezani mchoro wenye matawi kama wa ukoo. Bakteria wanapozaliana, alieleza, hutokea makosa madogo katika kunakili vinasaba, na kila kosa hurithiwa na kizazi kinachofuata. Sampuli za Mwimbi zilikuwa tawi la mbali kabisa. Sisi watatu tulikuwa tawi moja, jirani na sampuli za Dar es Salaam. Bakteria wa mama alikuwa na kila kosa alilokuwa nalo wangu, pamoja na moja jipya. Wa shemeji alikuwa na hilo la mama, na jingine juu yake.

"Siwezi kukuapia," mtafiti alisema kwa upole, "lakini njia inaonekana."

Sikuhitaji kufafanuliwa. Nilikuwa mzizi.

Nilipeleka nakala ya mchoro Mwimbi. Shemeji alikuwa anachambua maharage uani. Alijifuta mikono, akaipokea karatasi.

"Mimi niko wapi hapa?"

Nikamwonyesha ncha ya tawi.

"Na wewe?"

Nikashusha kidole hadi chini.

"Shemeji, una darubini kazini, na ulikohoa mwaka mzima. Hukuwaza kujipima?"

Nilimwomba msamaha. Akasema ameusikia, akaniletea maji ya kunawa, tukala. Kurudi Malangali alikataa. Alisema ugonjwa umekwisha, lakini anakumbuka kwamba siku ile hakuna aliyesimama upande wake, hata mumewe.

Mdogo wangu ameshamfuata mara tatu. Mwezi uliopita alirudi tena peke yake, akapita mlangoni pangu bila kunisalimia, nami nikabaki ndani.