Waya wa Ng'ambo ya Kijito

Ndugu yangu Mostyn Gittoes hajui kukaa. Ukimwekea kiti anakaa ukingoni, mguu mmoja unapiga sakafu, macho dirishani, na chai anaibugia ya moto hivyo hivyo ili apate kuondoka. Watu wa bonde letu wanadhani ana maradhi ya wasiwasi. Mimi niliyemlea baada ya mama kufariki najua ni waya. Tangu utotoni anatega sungura na mbweha kwa vitanzi vya waya, na waya wake ukiwa nje, roho yake iko nje nao. Lazima auone kukipambazuka na auone tena kabla ya giza, mvua inyeshe, theluji ianguke, hata akiwa na homa. Siku ya harusi yangu aliondoka kabla keki haijakatwa. Nilimnunia karibu mwaka mzima, kisha nikazoea.

Baba ndiye aliyemfundisha. Baba alikuwa mkali kwa mambo machache sana, na hilo lilikuwa mojawapo: ukitega, uende. Mnyama asikae kwenye kitanzi akikusubiri wewe umalize usingizi wako. Tulikua kwa sungura hao, wakipikwa kwa vitunguu na kipande cha nyama ya nguruwe, na Mostyn alipopata ndevu majirani wakaanza kumwita kila majira ya kondoo kuzaa, awaondolee mbweha kabla vitoto havijamalizwa.

Halafu Bunge letu la Cardiff likapiga vitanzi marufuku, Wales nzima. Uwe wa sungura, uwe wa mbweha, waya ni kosa na unaweza kufungwa kwa ajili yake. Ng'ambo ya kijito kinachopita mbele ya nyumba yetu ni Uingereza, na sheria ya kule bado inaruhusu, mradi kitanzi kiwe cha kulegea mnyama akitulia, na mwenyewe ukikague kila siku. Mbweha ni yule yule. Analala kwao, anakula kwetu, na hajawahi kuombwa pasipoti. Nilisema hivyo mkutanoni mbele ya mjumbe wetu wa Bunge, akacheka, nikamwambia sikuwa natania.

Mostyn hakubishana na mtu. Alikusanya nyaya zake zote upande wetu, akavuka daraja la mbao, akazungumza na Bwana Hodnet mwenye mashamba ya kule, akapewa ruhusa ya kutega. Bunduki hana. Mikono ilipoanza kutetemeka daktari alikataa kumtilia saini, leseni ikaenda. Sasa mikono hiyo hiyo inayomwaga chai mezani kwangu ikishika waya inatulia kabisa, nimeshuhudia. Hana kazi nyingine wala hataki nyingine. Na alivyokuwa akijivunia kuifuata sheria! Kila akivuka lile daraja husimama katikati na kunipungia mkono, kama mtu anayepanda meli, na kunipigia kelele kwamba anakwenda nchi za nje.

Mwaka huu alikuja mbweha jike aliyenitoa machozi. Vitoto vya kondoo wangu vinazaliwa jioni, asubuhi nakuta kwato na sufu. Nilijaribu taa, nikajaribu redio iliyowashwa usiku kucha zizini, nikamwita kijana mwenye bunduki akakaa baridini mpaka akapata mafua bila kumwona mbweha. Nikamwambia Mostyn atege hapa hapa, kwenye ua wa miti nyuma ya zizi langu. Nani angeona?

"Hapa ni Wales, dada," alisema.

"Kwani mbweha anajua?"

"Mimi najua. Nikishapelekwa mahakamani mara moja tu, Hodnet hanipi tena shamba lake, na wenzake hawanipi. Halafu nikifika kwako nitafanya nini, nifume sweta?"

Huo ndio uliokuwa msimamo wake, na mimi niliuelewa. Hukumu moja ingemnyima nyaya za pande zote mbili. Kwa hiyo sikumsukuma zaidi. Alikwenda kutega ng'ambo, kwenye kichaka cha miti ya ukingoni mwa kijito ambacho mbweha hupitia akija kwetu, na baada ya siku chache akampata yule jike.

Sasa kuna desturi yetu. Mtegaji akimpata mbweha humtundika kwenye lango la mwenye kondoo, ili mwenye kondoo aone kwa macho yake kazi imefanyika na usiku alale. Ndivyo alivyofanya baba, ndivyo wanavyofanya wote. Mostyn akamvusha yule jike darajani akamtundika kwenye lango langu, na mimi nilipomwona nilifurahi, nisifiche. Sikuwaza kwamba lango langu liko Wales. Linapakana na njia ya watu wa matembezi, wale wenye mabegi mgongoni na fimbo mbili mbili. Mmoja wao alimpiga picha, alama ya waya shingoni ikionekana vizuri, akaituma polisi.

Asubuhi iliyofuata, jua halijapanda, askari wa mambo ya wanyama akagonga mlangoni. Alikuwa binti mpole, jina lake Pugh. Mostyn, ambaye majira ya kuzaa hulala kwangu, alikuwa amevaa buti la kushoto na kushika la kulia. Nikamkaribisha binti chai na vikeki vya kikaangoni. Akala, akasifu, kisha akatoa ile picha.

Mostyn alimweleza yote akiwa amesimama, buti mkononi. Kwamba alitega Uingereza kwa ruhusa, kwamba kitanzi kilikuwa cha kulegea, kwamba alikikagua asubuhi na jioni, kwamba mbweha alikufa haraka. Akaenda dirishani akamwonyesha kichaka, ng'ambo ya maji, peupe kabisa. Bibi Pugh alisimama kando yake, akafungua ramani kwenye simu, akaitazama, akatazama nje, akaitazama tena.

"Mpaka haufuati kijito, mzee," alisema. "Unapita nyuma ya hiyo miti. Kile kichaka ni Wales."

Nyuma ya miti ile kuna bonde dogo kavu lililoota upupu, na ndiyo njia ya zamani ya maji. Tulipokuwa watoto mafuriko makubwa yalikisukuma kijito kikahama, kikakata malisho na kuja karibu na nyumba yetu. Hakuna asiyejua habari hiyo hapa. Baba aliisimulia kila Krismasi. Lakini hakuna hata mmoja wetu, wala Hodnet anayelisha ng'ombe wake pale, aliyewahi kufikiri kwamba maji yalihama yakauacha mpaka nyuma. Kwetu maji ndiyo yalikuwa mpaka, basi. Kumbe ndugu yangu alikuwa akinipungia mkono darajani, anasafiri kutoka Wales kwenda Wales.

Nilicheka, na hakikuwa kicheko cha furaha. Mostyn uso ulimshuka, akakaa kwenye kiti, akainuka tena.

Bibi Pugh hakuwa mtu mbaya. Alisema anamwamini, maana bonde zima lingesema vile vile. Angeandika kwamba ni kosa la kutojua, onyo, jambo liishie hapo. Ila kwa sharti moja, kwamba hakuna waya mwingine pale kichakani hivi sasa. Akiukuta hata mmoja, onyo halipo tena, ni mahakama. Akauliza kama vitanzi vimeng'olewa.

Mimi ndiye niliyejibu. Nikasema vyote, maana jana yake nilimwona Mostyn akirudi na fungu zima la nyaya begani na kulitundika msumarini. Bibi Pugh akaandika. Akasema basi Mostyn afuatane naye mjini akatoe maelezo na kutia saini, na kwa jinsi kituo kilivyo na watu pengine angerudi jioni. Akavaa kofia yake.

Mostyn alikaa ukingoni mwa kiti lakini hakuvaa buti la kulia. Aliligeuza, akaligeuza, jicho dirishani, na ule mguu wenye soksi ukaanza kupiga sakafu. Nimemlea yule. Nikajua pale pale kwamba kuna waya nje. Baadaye aliniambia kwamba jioni ile aliona nyayo za mbweha dume darajani, akarudi kutega mmoja kwa ajili yake, bila kunieleza, ili nisipate matumaini bure.

Nikamkanyaga mguu. Nilimkanyaga kwa nguvu, chini ya meza, na kumtolea macho. Nilikuwa nimeshapanga kila kitu kichwani: aende, atie saini, arudi, avuke jioni aung'oe, nani atajua? Ningekwenda mwenyewe muda ule ule kama ningekuwa na uwezo wa kuuona. Lakini nyaya za Mostyn nimezipita maisha yangu yote na sijawahi kuona hata mmoja mpaka anionyeshe kwa kidole. Nilimwomba Mungu amfunge mdomo.

"Kuna mmoja," alisema.

Bibi Pugh aligeuka. "Mmoja nini?"

"Waya. Uko pale kichakani, niliutega jana jioni."

Nikadakia kwamba hajui asemalo, kwamba uzee unamchanganya, kwamba hata jina langu humpotea. Mostyn alinitazama kwa upole ulionikera zaidi kuliko kama angenitukana.

"Najua ninachosema, dada. Leo sijauona."

Bibi Pugh alishusha kalamu. Akasema taratibu sana, "Mzee Gittoes, mimi sikukuuliza wewe. Nilimuuliza dada yako na amenijibu. Fikiri kwanza."

Alikuwa anamfungulia mlango, na mlango wenyewe ulikuwa wazi kabisa. Hata mtoto angepita.

"Nimeshafikiri," Mostyn alisema. "Twende, jua limeshatoka."

Akavaa buti bila kufunga kamba. Tulivuka daraja nyuma yake, bibi Pugh na mimi, na hata yeye mwenye miguu ya ujana hakumfikia, sembuse mimi. Nyasi zilikuwa zimelowa. Nilimlaani njia nzima, kwa sauti, na sikujali kama askari anasikia. Moyoni niliomba angalau dume awemo. Kama ndugu yangu anajitia kitanzi, basi na yule mwizi wangu awe amepatikana.

Mostyn alichuchumaa chini ya mti, akasogeza majani kwa vidole viwili. Kitanzi kilikuwa kimening'inia kama alivyokiacha, na umande juu yake. Hapakuwa na unyoya, hapakuwa na udongo uliotimuliwa. Hakuna aliyepita.

Hapo machozi yalinitoka kwa hasira. Nikamwambia amejiuza kwa waya mtupu, kwamba angenyamaza tu, saa hizi angekuwa garini anakwenda kutia saini na maisha yake yanaendelea. Bibi Pugh naye, ambaye kazi yake haimruhusu kusema mambo kama hayo, aliinama karibu naye.

"Kweli, mzee," alisema. "Hakuna mnyama aliyeumia. Ungenyamaza."

Mostyn alikuwa akikifungua kitanzi kutoka kwenye kigingi, mikono imetulia. Aliufuta waya umande kwa mkono wa koti lake.

"Na mimi nikiwa kule mjini," alisema, "ningejuaje kwamba ni mtupu?"

Yule binti aliupokea waya, akaandika. Bwana Hodnet aliifuta ruhusa kabla kesi haijasikilizwa, na Mostyn hajatega tena, si kwetu wala ng'ambo.