Neno Walilolibeba Wapagazi

Mwanangu, iko siku moja ambayo nikiikumbuka hata leo moyo hunishtuka. Nilikuwa karani wa serikali hapa Tabora, zama za Waingereza, kijana wa mtaa wa Ng'ambo mwenye kanzu safi na Kiingereza cha kujisifia. Nilikuwa nimemposa Milembe, binti wa kijijini Ipuli, na wazee walishakubali.

Baba yake, Mzee Mihayo, alikuwa mpagazi ujanani mwake, akienda pwani na kurudi kwa miguu, mzigo begani. Asubuhi hiyo alinifuata ofisini, miguu imejaa vumbi, ameniletea kibuyu cha asali. Makarani wenzangu wakauliza ni nani. Nikaona haya, ujinga wa ujana huo, nikawajibu kwamba simjui, ni mshenzi tu wa porini. Mzee alikuwa mlangoni. Alisikia.

Hata sijakaa, bwana mkubwa akatoka na mgeni wake, Mwingereza mwenzake, barua yangu mkononi. Akamwambia asishangae makosa ya barua ile, kwani karani wake ni shenzi. Alisema Kiingereza kitupu, ila neno hilo lilikuwa letu. Sikujua kuwa wamelichukua. Baadaye nililisikia kila siku vinywani mwao: mbwa shenzi, barabara shenzi, kazi shenzi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Mzee Mihayo hakujua Kiingereza, lakini neno lile alilijua.

"Watu wa pwani walituita hivyo sisi wa bara," akaniambia. "Tukalibeba mpaka hapa pamoja na mizigo yao, nanyi wa mjini mkatuita hivyo hivyo. Leo limekufikia wewe, mwanangu."

Akaiweka asali mezani, akaenda zake.

Jioni nilikwenda Ipuli kuomba radhi. Mzee alinisamehe palepale, akanikaribisha chakula. Milembe ndiye aliyetaka kujua nilimwitaje baba yake, na ikanibidi nilitamke neno lile mbele ya mama yake.

"Na wajukuu wake," Milembe akauliza, "ungewaitaje?"

Posa ikavunjika.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kwa hiyo, mwanangu, usimwite mtu kwa neno ambalo ungeona uchungu mwanao akiitwa nalo, na wazazi wa mwenzio uwaamkie hata mbele ya wakubwa. Mungu akulinde ulimi, akupe wakwe wa kujivunia, na nyumba yako isikose asali.